Shangazi Yangu Si Kabati

Kuna mmoja wenu, simtaji, mwenyewe anajijua, aliandika chini ya safu yangu ya wiki iliyopita kwamba yule mtumishi wa sehemu ya nne, yule mama anayesimama nyuma ya kiti cha Bibi Mkubwa, "hajui kuigiza hata kidogo, kasimama kama kabati." Watu mia mbili na kitu wakaweka alama ya kicheko. Mia mbili! Mimi nikiandika jambo la maana napata kumi na nne, na wawili kati yao ni ndugu zangu.

Sasa sikilizeni. Kabati hilo ni shangazi yangu.

Na usianze kunitumia "pole sana, sikujua". Kaa chini nikusimulie, maana hii tamthilia mnaiangalia kama watu wanaopita mbele ya duka la nguo. Gauni la huyu, kofia ya yule, binti wa Bwana Mkubwa ataolewa na dereva au hataolewa. Kwa ambaye haiangalii: ni hadithi ya enzi za zamani, ukoo wa mabwana wenye jumba la ngazi mbili, ngazi pana ya wenye nyumba na ngazi nyembamba ya watumishi. Kila wiki watu wa ngazi pana wanalia, watu wa ngazi nyembamba wanawapelekea vitambaa vya kufutia machozi. Basi, umeshaelewa, twende.

Shangazi amefanya kazi za ndani miaka thelathini na moja, katika nyumba nne. Ya mwisho ilikuwa ya mwanamke mmoja tajiri muuza vigae, ambaye kwetu tunamwita Mama Vigae, na ambaye sebule yake ni kubwa hivi kwamba ukimwita mtu aliye upande wa pili, unasubiri jibu. Katika miaka yote hiyo shangazi hajawahi kumwambia mwajiri neno "hapana". Si kwamba alikatazwa. Halitoki tu. Linafika kooni linageuka "sawa, mama". Mwenyewe anajua, na linamuuma. Aliwahi kuniambia huku anakunja mashuka kwamba kabla hajazeeka angependa alitamke mara moja tu, ajue linaacha ladha gani mdomoni.

Tangazo niliona mimi: "Wanahitajika wanawake wa miaka hamsini kwenda juu, wanaoweza kusimama muda mrefu bila kulalamika." Walikuwa wameyaandika maisha ya shangazi yangu kwa mstari mmoja. Nikajaza fomu bila kumwambia. Alipoitwa alinifokea dakika tano nzima, kisha akauliza avae nini.

Mwongozaji wa tamthilia ni bwana mmoja mwembamba, kofia imegeuzwa nyuma, kila mtu kwake ni "mpendwa", hata mwenye kuleta waya. Akamwuliza shangazi, "Mpendwa, umewahi kuigiza?"

"Miaka thelathini na moja."

"Ohoo! Wapi?"

"Nyumba za watu. Kila siku naigiza kwamba sijasikia."

Akachukuliwa palepale.

Siku ya kwanza ndipo lilipozaliwa hilo kabati lenu. Mwongozaji alimwambia, "Mpendwa, legea kidogo, jisikie huru." Shangazi akamjibu kwa upole, kama anamweleza mtoto namna ya kushika kisu: "Baba, mtumishi akitikisika anaonekana. Akionekana anatumwa. Ukitaka upumzike kazini, unasimama hivi." Na akasimama hivyo. Mwongozaji akamzunguka mara mbili kama anayenunua gari, halafu akawaita watumishi wengine wote, waigizaji wenye vyeti vyao, waje wajifunze kusimama. Kwa hiyo wewe uliyeandika "kabati", jua kwamba ulimwangalia mwalimu ukamcheka.

Siku ya tatu wakampa maneno. Maneno saba. Katika sehemu ya nne kuna karamu, Bibi Mkubwa anapata habari kwamba wageni zaidi wanakuja, na bila hata kugeuka anamwambia mtumishi wake mkongwe, "Utabaki jioni hii." Na mtumishi, ambaye siku hiyo ni zamu yake ya kutoka, anajibu: "Hapana, bibi. Jioni hii naenda kwa mwanangu."

Shangazi aliposomewa alikaa. Alikaa kweli, kwenye kiti, mchana, kazini.

"Wamejuaje?" akaniuliza.

"Wamejuaje nini?"

"Nyamaza. Nisomee tena."

Wiki nzima nyumbani kwake hapakukalika. Aliisemesha friji. Alilisemesha kabati, la kweli. Binti yake, ambaye ni fundi umeme na ndiye anayeishi naye, alikuwa anarudi jioni na mkanda wake wa vifaa, akifungua mlango anakutana na "Hapana, bibi!" ya kumrudisha nje. Aliwaambia majirani, akawaambia wanakwaya wenzake, akamwambia hadi fundi viatu. Watu walikuwa wanamsimamisha barabarani: "Haya, tuambie!" Naye anawaambia, mkono kiunoni, wanakufa kwa kicheko. Kwa hiyo mnaona mzigo aliobeba siku ya kupiga picha. Akishindwa, ameshindwa mbele ya mtaa mzima, na mbele ya friji.

Nilimsindikiza. Lile jumba la fahari mnaloliona, nisikilizeni vizuri, ni ghala la zamani la vipuri. Kuta ni mbao nyembamba zimepakwa rangi ya marumaru. Taa kubwa ya kuning'inia ni plastiki, ukiipulizia inacheza. Ule mvinyo ni juisi ya zabibu. Kuku wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa kama viatu vya harusi. Lakini meza ilikuwa meza kweli: watu kumi na wawili, sahani, visu, uma, glasi tatu kila mtu, na vitambaa vilivyokunjwa kama ndege.

Mwigizaji anayecheza Bibi Mkubwa mnamjua. Nami nakiri, akivaa ile lulu shingoni na kunyanyua ile nyusi moja, hata mimi niliyekuwa nimejibanza nyuma ya taa nilijisikia nimechelewa kumletea kitu.

"Anza!" mwongozaji akasema.

Wakala. Wakanywa. Wakazungumza upuuzi wa kikabaila kuhusu farasi. Bibi Mkubwa akanyanyua nyusi. "Utabaki jioni hii."

Shangazi akasema, "Sawa, bibi."

"Kata!"

Watu wakacheka, yeye mwenyewe akacheka. Mara ya pili: "Sawa, bibi." Mara ya tatu akaanza vizuri, "Ha..." na sote tukainama mbele kumsaidia kwa shingo, "...ya, bibi." Mara ya tano kicheko kikaisha. Mwongozaji akaja, akamshika mabega.

"Mpendwa. Hapana."

"Samahani, baba."

"Usiniombe samahani. Sema tu hapana."

"Sawa."

"Usiseme sawa!"

"Sawa, nimeelewa."

Bibi Mkubwa alikuwa amebanwa na lile gauni mbavu zote, anapumua kwa zamu. "Jamani," akasema, "mimi hapa nitazimia. Mama, kwani huyo bosi wako alikufanyaje?" Hakusema kwa ubaya. Lakini niliona masikio ya shangazi yanashuka.

Mara ya kumi na moja, "Sawa, bibi," tena kwa sauti safi, ya adabu, iliyonyooka, sauti bora kabisa ya siku nzima. Mwongozaji akavua kofia, akaigeuza mbele, na nikajua mambo yameharibika. "Tukale," akasema. "Tukirudi, maneno anachukua yule binti wa sinia. Mpendwa mama, wewe utasimama tu. Unasimama vizuri sana."

Binti wa sinia, yule anayepitisha glasi mezani, ni mrembo, ana miaka ishirini na mbili, hana kosa lolote, na dakika hiyo nilimchukia.

Wote wakatoka kwenda kula nje, kwenye turubai. Nikamwita shangazi. "Tangulia," akasema, "nakuja." Nikatangulia. Nilikula sahani mbili, sitadanganya, mtu akiwa na huzuni anakula. Shangazi hakuja.

Tuliporudi, aliyetangulia kuingia ni binti mmoja anayeitwa Daftari. Kazi yake ni kukumbuka. Tamthilia haipigwi kwa mpigo mmoja. Wanapiga nusu, wanapumzika, wanaendelea, na ni lazima kila kitu kiwe pale pale kilipokuwa, la sivyo nyinyi mnaojifanya hamwoni mtaona glasi imejaa, sekunde moja mbele iko tupu, na mtaniandikia mimi. Daftari anapiga picha za meza, anaandika nani ameuma nini. Akaingia, na tukasikia ukelele kama wa mtu aliyekanyaga nyoka.

Meza ilikuwa safi.

Safi! Kitambaa cha meza kimekung'utwa. Sahani zimeoshwa, zimepangwa kwa ukubwa. Glasi thelathini na sita zinameremeta kichwa chini. Na kando ya beseni, shangazi yangu, ndani ya sare yake ya enzi za zamani, mikono imekunjwa hadi kiwiko, anafuta uma wa mwisho.

"Nilikuwa na mawazo," akasema.

Hilo ndilo kosa ambalo mtu mwingine yeyote asingelifanya. Mwigizaji akiwa na mawazo anavuta sigara, mwandishi akiwa na mawazo anagombana na watu mtandaoni. Shangazi akiwa na mawazo na mbele yake kuna vyombo vichafu, mikono inaondoka yenyewe.

Mwongozaji hakusema hata "mpendwa". Nusu ya karamu ilikuwa imeshapigwa. Kuirudia yote ni siku nyingine, na lile ghala lilikuwa linarudishwa kwa wenyewe usiku huo. Daftari akafungua picha zake, na hapo ndipo alipoanza kulia: alikuwa na upande mmoja tu wa meza. Upande wa Bibi Mkubwa alipanga kuupiga mwishoni, lakini hasira za mara ya kumi na moja zilimtoa mbio pamoja na wengine.

"Chakula kiko wapi?" akauliza mtu.

"Kwani nimekitupa?" Shangazi akaudhika kwelikweli. "Mimi natupa chakula cha watu?" Akafunua sufuria. Mabaki yote yalikuwemo, kila mtu na fungu lake, yametenganishwa kwa majani ya saladi. "Huyu bwana mwenye masharubu aliuma kiazi upande mmoja, kikamshinda. Hiki hapa. Mwanangu, acha kulia, niletee hizo sahani."

Na akaanza kupanga.

Hapa lazima niwaeleze jambo la kazi ya ndani ambalo hamlijui, kwa sababu mkirudi nyumbani mnakuta kumesafishwa mnadhani vumbi limeondoka kwa hiari. Wenye nyumba hawapendi kuona vitu vyao vimeguswa. Wanataka viwe safi, na viwe havijaguswa. Kwa hiyo shangazi anaangalia rafu mara moja, anaondoa vitu arobaini, anafuta, anavirudisha, na hakuna kilichosogea hata unene wa kucha. Mama Vigae aliwahi kumtega. Aliweka njiti ya kiberiti juu ya mfuniko wa chombo cha maua, aone kama chombo kitaguswa. Jioni akakuta njiti iko pale pale, akaanza kufoka kwamba hakujasafishwa. Shangazi akamwambia apitishe kidole. Chini ya njiti palikuwa safi. Na njiti nayo ilikuwa imefutwa.

Ndivyo alivyoirudisha ile karamu. Daftari alikuwa upande wa pili na picha zake, akisoma kwa sauti: "Kisu kimelala juu ya..." "Juu ya mfupa, ncha dirishani," shangazi anamalizia bila kugeuka. Njegere saba nje ya sahani ya binti mkubwa. Alama ya rangi ya mdomo kwenye glasi aliichora upya kwa kidole, rangi akaiazima kwa huyo huyo binti mkubwa. Watu walisimama wakamwangalia kama wanaangalia mtu anayetembea juu ya kamba.

Bibi Mkubwa akaingia amechelewa, amelegezewa gauni, amebanwa tena, hana hamu na mtu. Akakaa kwenye kiti chake, akaangalia mbele yake, akachukua glasi akaihamishia kulia.

"Yangu ilikuwa huku," akasema.

"Hapana, bibi," shangazi akasema, huku mkononi ana kijiko cha njegere. "Ilikuwa kushoto. Rudisha."

Mimi nilisikia ile taa ya plastiki ikigongana.

Bibi Mkubwa akanyanyua nyusi. "Mama, mimi natumia mkono wa kulia tangu nizaliwe."

"Hapana. Leo hapana. Hiyo bangili inakukwaruza, tangu asubuhi unanywea kushoto. Umekunywa mara mbili, ukafuta mdomo, kitambaa ukakiweka juu ya uma. Hivi."

Wakakimbilia kwenye skrini kuangalia walichopiga. Kushoto. Mara mbili. Kitambaa juu ya uma. Bibi Mkubwa akaangalia bangili yake, akaangalia kifundo cha mkono chenye alama nyekundu, akacheka kicheko cha mtu wa kawaida kabisa, na akarudisha glasi.

Ndipo shangazi alipotambua kilichomtoka. Akafunika mdomo kwa ule mkono wenye kijiko, njegere zikamwagika. "Jamani! Bibi, samahani, mimi..."

"Usiombe samahani!" mwongozaji akapiga kelele, anaruka juu ya waya. "Mpendwa, usiombe samahani kwa mtu yeyote! Simama pale! Binti wa sinia, rudi kwenye sinia! Kamera!"

"Lakini njegere," akasema Daftari.

"Achana na njegere!"

"Anza!"

Farasi, farasi, kicheko cha kikabaila. Nyusi. "Utabaki jioni hii."

Shangazi alisimama vile vile kama mnavyomjua, hakutikisika. Nikaona Daftari anafumba macho.

"Hapana, bibi," akasema. Kwa upole, kama anasema saa. "Jioni hii naenda kwa mwanangu. Nataka nifike viti havijakunjwa."

"Kata!" Mwongozaji akageukia karatasi zake. "Viti? Viti gani? Nani kaandika viti?"

Hakuna aliyeandika viti. Mimi nilivijua. Miaka sita iliyopita, siku ya mahafali ya binti yake pale chuo cha ufundi, Mama Vigae alipata wageni wa ghafla. Akasema, "Utabaki kidogo." Shangazi akasema sawa, mama. Alipofika chuoni amevaa gauni jipya, walikuwa wanakunja viti, na binti yake amekaa peke yake kwenye ngazi na joho lake mapajani. Hawajawahi kulizungumzia. Ni ile familia ambayo mambo mazito yanajibiwa kwa "umekula?"

Mwongozaji aliyaacha maneno ya viti. Alisema hayaelewi lakini yanamsisimua.

Jumapili ya sehemu ya nne tuliangalia nyumbani kwake, majirani wamejaa hadi mlangoni. Yale maneno yalipotoka watu wakapiga makofi, vigelegele, mtu akakanyaga mguu wangu. Binti yake hakupiga makofi. Alisema tu, "Rudisha nyuma." Tukarudisha. "Tena." Tukarudisha tena. Mara ya nne akaenda akakaa chini, kwenye zulia, akaegemea magoti ya mama yake, na mkanda wa vifaa kiunoni.

"Ona kile kitambaa pale mwisho," shangazi akasema. "Kimekaa vibaya. Kile si mimi, ni Daftari."

"Tumeona, mama."

"Umekula?"

Sasa ni mtunza meza wa tamthilia. Ana kiti chenye cheo chake mgongoni, na Daftari anamwita "mwalimu". Nilimwuliza alimwambiaje Mama Vigae kwamba anaacha kazi, nikitegemea habari za kishujaa.

"Nilimwambia nimepata kazi nyingine."

"Akasemaje?"

"Akasema nimalize pazia kwanza."

"Na wewe?"

"Nilimaliza pazia. Pazia zimenikosea nini?"

Nikashika kichwa. Lakini aliondoka, na Mama Vigae hadi leo, nasikia, anatafuta chombo chake cha chumvi, maana hajawahi kujua kinakaa wapi.

Hayo ndiyo mlistahili kuyajua, na yangeishia hapo kama mngekuwa watu wa kawaida. Lakini tangu Jumapili hiyo nimepokea jumbe kumi na saba kuhusu shangazi. Nikazifungua kwa furaha, nikidhani ni pongezi. "Huyo mama anapatikana? Nina watoto watatu na mazulia." "Naomba namba ya yule dada wa karamu, nampenda alivyo msafi, nahitaji mtu wa kuanzia wiki ijayo." Mmoja ameandika kabisa, "Ila asiwe na hilo neno lake la hapana."

Namba sitoi. Hata ukinibembeleza, hata ukinitumia picha ya hayo mazulia. Na wewe mwenye watoto watatu, nakuomba sasa hivi, kabla hujaandika lolote hapo chini: weka simu, kunja mikono ya shati, nenda kaoshe vyombo vyako.